Kimo cha Basi la Ghorofa

Fundi Mkuu alikuwa akilisalimia gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Ukimpelekea gari pale kwake Kizota, anakuja taratibu, anaweka kiganja juu ya boneti, anatulia kama mama anayepima homa ya mtoto, ndipo anakugeukia: "Haya, za nyumbani?" Wateja wapya walidhani ni kiburi. Wa zamani walisubiri zamu yao.

Hakuwa mkuu wa mtu yeyote. Nilipomfahamu alikuwa peke yake kwenye karakana ya mabati, na spana zake zimepangwa ukutani kama vijiko vya bibi harusi. Jina alilipata kiwandani, alikokuwa juu ya mafundi saba waliotunza magari ya wafanyakazi. Kiwanda kikafungwa, mafundi saba wakatawanyika, jina likabaki. Hata mkewe alipomletea chakula mchana alisimama mlangoni na kusema, "Fundi Mkuu, ugali unapoa." Nami nitamwita hivyo hivyo.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Maandishi ya Duka la Dawa, Saluni ya Kike, Nyumba Hii Haiuzwi. Mengi unayoyaona upande wetu wa mji ni mkono wangu. Nilipanga banda lililopakana na lake, tukatenganishwa na mabati tu, kwa miaka kumi na mitano. Kwa hiyo nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Nilimsikia akibishana na redio. Nilimsikia akiiambia nati, "Njoo mama, njoo, mimi si adui." Na nilimsikia akiwafukuza watu.

Alikuwa na subira ya ajabu kwa vyuma, lakini kwa watu hakuwa nayo hata chembe. Kuna bolti moja ya ekseli iliyoshika kutu aliyoidondoshea dizeli asubuhi na jioni kwa siku nne. Kila aliyepita alimshauri aikate kwa grenda. "Ukikata," alijibu, "utajua imetoka. Hutajua ilikuwa imeshikwa na nini." Siku ya tano ikazunguka yenyewe, akaipaka grisi na kuirudisha mahali pake. Lakini mwenye gari huyo huyo alipouliza mara ya pili kazi itaisha lini, aliambiwa achukue gari lake akatafute saa ya ukutani.

Chini ya ovaroli alivaa shati jeupe. Kila siku. Alisema oili ikifika kwenye shati ajue hakuwa makini, na kwa miaka yote ile niliona doa mara mbili tu. Hakusema "sijui". Alisema, "Bado sijaangalia." Na ukimuuliza jambo huku umeshika funguo mkononi, alikupa jibu fupi lolote lililomjia, hata la uongo, kwa sababu aliamini anayeuliza akiwa ameshika funguo hataki jibu.

Jambo moja tu lilimtoa kwenye ustaarabu wake: matairi. Siku moja lililetwa gari la bwana harusi, limeshafungwa riboni na maua, limepata pancha njiani. Fundi Mkuu alichomoa utepe wa fundi cherehani mfukoni, akapima tairi moja baada ya jingine, halafu akatia funguo za gari ndani ya ovaroli yake.

"Mzee, pancha ni moja tu," bwana harusi akasema.

"Matairi ya mbele na ya nyuma si saizi moja. Haliendi."

"Bibi harusi yuko kanisani!"

"Basi yuko salama."

Tulijaa watu pale, wengine wakimsihi, wengine wakimtukana. Yeye akapiga jeki pikapu yake mwenyewe, ambayo kwa bahati ilikuwa ya aina ile ile, akatoa matairi yote manne na kumfungia bwana harusi. Pikapu ikakaa juu ya mawe siku mbili. Nilipomuuliza kwa nini matairi yanamkera kiasi hicho, na si breki wala taa, alisema, "Kwa sababu gari zima linasimama juu yake." Nikaona ni jibu kamili, nikarudi kwenye brashi zangu.

Basi la ghorofa tulilikuta Kibaigwa. Mimi nilikuwa nimeitwa kuandika bango la mnunuzi wa mahindi, yeye alikuwa anafuata magunia mawili ya nyumbani, tukaenda kwa pikapu yake. Nyuma ya soko, pembeni ya mashine ya kusaga, lilisimama basi refu la ghorofa mbili, limepakwa chokaa, matairi yamelala, vumbi la pumba limelijaa hadi madirishani. Chini lilikuwa ghala. Juu walikaa madalali watatu na redio yao, wakichungulia barabara. Lori likitokea tu, wanashuka ngazi mbio kuliwahi.

Fundi Mkuu aliliacha gunia lake la kwanza mikononi mwa mpagazi, akalivuka soko lote bila kumsalimia mtu. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa basi. Akakaa hivyo hadi dalali mmoja akachungulia kutoka juu.

"Mzee, unauza au unanunua?"

"Nalifahamu hili."

"Unamfahamu nani?"

"Hili basi. Gia ya pili bado inalia?"

Madalali wakacheka. "Mzee wangu, hili halina hata injini."

"Inayo," alisema Fundi Mkuu. "Mmeilalia magunia."

Tukahamisha magunia manane. Injini ilikuwepo.

Mwenye basi alikuwa mfanyabiashara wa duka la vipuri mjini, wa familia ya Kihindi ambayo sote tumenunua kwao bolti au balbu. Baba yake alilinunua basi wakati kiwanda kinauza mali zake, akalivuta hadi Kibaigwa liwe stoo. Tulipomwendea dukani, Mwenye Duka alisema eneo lile linajengwa ukuta, na kwamba watu wa chuma chakavu wameshakuja kulipima basi wapi waanze kukata.

"Nipe mimi," alisema Fundi Mkuu.

"Ulifanyie nini?"

"Litembee."

Mwenye Duka alimtazama, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye dhamana ya akili ya mzee. "Mama yangu alikuwa anatupungia mkono kutoka juu ya basi lile," alisema hatimaye. "Siku za sikukuu kiwanda kilikuwa kinawapandisha watu wa mtaa, linazunguka mji. Haya. Wiki mbili liwe limetoka Kibaigwa. Nitakupa na kona ya yadi yangu pale Kizota. Lakini likibaki chuma, ni chuma."

Lilivutwa na lori kutoka Kibaigwa hadi Dodoma kwa mwendo wa mtu anayetembea, Fundi Mkuu akiwa ghorofa ya juu na mti mrefu wenye panda, anainua kila waya wa umeme uliokatiza barabara. Watoto wa shule walitufuata kwa vijiji vizima. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza, kwa sababu alikuwa amewahi kuniambia kwamba basi lile lilitoka Dar es Salaam zamani likiwa vipande vipande juu ya malori. Sasa, tulipofika Mbande na kupumzika, aliniambia kwamba hapana, lilikuja kwa magurudumu yake, siku tatu, na ni yeye aliyekaa juu na mti wenye panda.

"Mbona ulisema vipande?"

"Ulikuwa umeshika funguo?"

Sikukumbuka. Lakini nilipata njia ya kuthibitisha, maana kazi niliyopewa kwenye basi ilikuwa rangi, na rangi haijui kunyamaza. Kabla ya kupiga puti na praima nilichukua msasa, nikafungua vidirisha vya ukubwa wa kiganja kwenye ubavu wa basi, tabaka kwa tabaka. Chokaa ya Kibaigwa. Chini yake bluu ya kiwanda. Chini yake kijani. Chini kabisa nyekundu na krimu, nzuri, nzito, rangi ya enzi ambayo mtu alipaka akijua atapita kesho kuiangalia. Nyekundu ile ilipita kwenye kila kiungo bila kukatika. Basi halikuwahi kukatwa vipande.

Kila nilipofungua kidirisha nilimwita. "Hii kijani?" Alikuwa anajibu bila kusita: kijani ni ya njia ya bandarini, lilipokuwa linapeleka makuli; bluu liliipata hapa Dodoma, wiki ya kwanza, kwa sababu meneja aliipenda. Sehemu moja tu haikuwa na matabaka. Paji la uso la ghorofa ya juu, mbele kabisa, lilikuwa bati jingine, lililogongomelewa kwa haraka, likiwa na chokaa peke yake.

"Na hapa?"

"Liligonga."

"Liligonga nini?"

"Lango," akasema, akarudi chini ya injini.

Kazi ilichukua miaka mitatu. Mbavu za mbele alizichonga upya kwa mninga, akipinda kila moja kwa mvuke wa maji aliyoyachemsha kwenye pipa. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda. Akazijazia dizeli na kuziacha mwezi mzima, akawa anakuja kila asubuhi kuzigusa na kuondoka. Breki zilifunguliwa mara nne kwa sababu hakuridhika. Siku injini ilipowaka, moshi ulitanda yadi nzima, wauza duka wakatoka mbio wakidhani ni moto, na Mwenye Duka akasimama katikati ya moshi akipiga makofi na kukohoa. Fundi Mkuu hakucheka. Aliinamisha kichwa akisikiliza, halafu akainua vidole viwili kunionyesha. Gia ya pili. Ilikuwa bado inalia.

Kwa nini sasa, na si miaka ishirini nyuma? Hilo lilinisumbua. Mtu hawezi kuliona basi sokoni siku moja na kulipa miaka mitatu ya uzee wake kwa sababu ya mapenzi tu. Nikaanza kusoma daftari lake.

Lilikuwa daftari nene lenye jalada la kitambaa cha gunia, la matengenezo ya basi lile tangu lilipofika kiwandani. Hakunificha, lilikaa juu ya benchi, kila mtu angeweza kulisoma, ila hakuna aliyetaka. Mimi nililisoma lote wakati rangi ikikauka. Mtu aliyekuwa mkavu kwa watu aliliandikia basi kwa upole ambao sikuutegemea. Leo limeamka vizuri. Mlio kama wa kuku gia ya pili, nimefungua, meno mawili yamelika. Rejeta inavuja kidogo, nimeiziba, niitazame tena kesho. Yote yalielezwa kwa kirefu, hata kioo kimoja kilichopasuka.

Kisha, karibu na mwisho, mstari mmoja mfupi: Matairi yote yamebadilishwa. Yaliyopatikana.

Ukurasa uliofuata: Basi limegonga. Baada ya hapo kurasa nyeupe.

Nililisoma neno lile, yaliyopatikana, mara nyingi. Nilikumbuka kwamba siku basi lilipofika yadini, yale matairi mabovu aliyatoa mwenyewe, akakataa msaada wa mtu yeyote, na kwamba matairi mapya aliyatafuta miezi minane, akirudisha mawili yaliyotoka hadi Mombasa kwa sababu yalizidi kidogo. Nilikuwa na swali, lakini sikujua ni swali gani.

Lilijitokeza siku ya kuandika maandishi ya ndani. Juu ya kiti cha dereva, chini ya chokaa na juu ya bluu, msasa wangu ulifichua maandishi meupe yaliyoandikwa kwa mkono: KIMO FUTI 14 INCHI 3. Nikamwita.

"Fundi Mkuu, dereva alikuwa ameandikiwa kimo hapa. Niandike hivyo hivyo?"

Alileta mti na utepe, akapanda ngazi, akapima kutoka juu hadi chini. Akapima tena. Akanipa ncha ya utepe niishike mimi, akapima mara ya tatu.

"Andika," alisema. "Sasa ni kweli."

"Zamani haikuwa kweli?"

Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akafuta mikono muda mrefu ingawa haikuwa na kitu. Kisha akaniambia.

Kiwanda kilikuwa na lango la chuma lenye boriti juu. Basi lilikuwa linapita chini yake kila asubuhi na kila jioni, likiacha nafasi ya vidole vitatu. Ukafika wakati ambapo matairi ya saizi yake hayapatikani popote, basi likalala wiki tano, wafanyakazi wanatembea kwa miguu. Yeye akatafuta matairi ya lori, makubwa zaidi, akakata madigadi ili yaingie, akayafunga usiku kucha. Asubuhi basi likatoka karakana ya mjini, na watu wakampigia makofi. Meneja alimpa mkono mbele ya wote.

"Nilifikiria breki," aliniambia. "Nilifikiria stelingi, springi, difu. Nikafikiria kila kitu kilicho chini. Cha juu sikukifikiria. Basi lilikuwa limepanda inchi tatu."

Dereva alikwenda kama alivyokwenda kila siku. Paji la basi likagonga boriti. Waliumia watu sita, na karani mmoja aliyekuwa kiti cha mbele juu mkono wake haukunyooka tena.

"Ukasema?"

"Kikao kiliniuliza basi lilikuwa na hitilafu gani. Nikasema halikuwa na hitilafu. Ni kweli, halikuwa nayo. Breki nzuri, stelingi nzuri. Nilijibu swali walilouliza. Wakaandika mwendo kasi. Dereva akafukuzwa. Mwenyewe alikubali. Alisema labda ni kweli alikwenda kasi, hakumbuki."

"Na mbele limebonyea, hakuna aliyelipima."

"Hakuna. Nilisema nitakwenda kumwambia wiki ile. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nikasema nitakwenda mtoto akizaliwa. Binti mwenyewe sasa ana watoto wanne."

Nilikuwa nimemjua miaka kumi na miwili siku ile. Mtu huyu ndiye aliyewahi kumrudishia mteja nati moja, kwa miguu, hadi Chang'ombe. Nilitafuta namna ya kuyaweka haya mawili ndani ya mtu mmoja, na kusema kweli bado natafuta. Lakini sikumwambia neno la kumfariji, naye hakulitaka. Alisema tu, "Yuko Chemba. Nimeshauliza."

Tulikwenda siku ya mnada wa mifugo, ndani ya Kosta iliyojaa wachuuzi wa mbuzi. Alivaa shati jeupe bila ovaroli, akaonekana mdogo. Dereva tulimkuta nyumbani kwake akikarabati zizi: mzee mrefu wa Kirangi, kofia ya vitone kichwani, mgongo umenyooka. Alimtambua Fundi Mkuu kabla hatujafika, akaacha nyundo, akamkumbatia kwa furaha iliyoniuma. Tukaletewa maji ya kunywa na karanga. Walisalimiana mpaka salamu zikaisha.

Ndipo Fundi Mkuu akasema. Hakuzunguka. Alisema matairi, inchi tatu, kikao, jibu alilolitoa. Dereva alisikiliza akiwa ameshika karanga moja bila kuimenya.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo sikuwa nakwenda kasi."

"Hukuwa."

"Mimi niliacha kuendesha," alisema Dereva. Hakupaza sauti. "Si kwa sababu walinifukuza. Kazi za udereva zilikuwepo, niliitwa Singida, niliitwa Arusha. Niliacha kwa sababu nilisema, kama naweza kupita lango lile kila siku halafu siku moja nisilione, basi macho yangu si ya kuaminiwa. Sikuwahi kuendesha hata trekta. Wanangu nimewakataza. Yule karani nilimpelekea mbuzi kila mwaka mpaka alipokufa, na kila mwaka nilimwomba msamaha. Mimi! Nimeomba msamaha uliokuwa wako kuuomba, Fundi."

"Ndiyo."

"Nenda."

"Dereva, ndugu yangu..."

"Nenda kabla wanangu hawajarudi mnadani."

Tuliondoka. Barabarani Fundi Mkuu alitembea mbele yangu, na mpaka Dodoma hakusema kitu.

Wiki iliyofuata alikuja bandani kwangu na karatasi. Alitaka bango la ndani ya basi, pale mlangoni ambapo kila abiria atalisoma: basi limetoka wapi, limepakwa rangi gani, limebeba nani. Mistari ya mwisho ilisema: Lilipogonga lango la kiwanda, kosa lilikuwa la fundi mkuu, aliyefunga matairi makubwa na kuacha kimo kile kile ukutani. Dereva hakuwa na kosa.

Mwenye Duka alilisoma akashika kiuno. "Fundi Mkuu, basi hili nitalikodisha kwa harusi. Nani anataka kusoma ajali siku ya harusi?"

"Asiyetaka asisome."

"Walau mistari ya mwisho iwe midogo."

"Saizi moja," alisema Fundi Mkuu, na kunigeukia. "Umesikia? Herufi saizi moja."

Niliandika saizi moja. Basi likaanza kutembea, jekundu na krimu, harusi, mahafali, sikukuu. Wengi wanaosoma bango huishia kwenye rangi ya kijani, muziki unawaita. Fundi Mkuu alilitunza mwaka mmoja zaidi. Kisha mkewe akafariki, magoti yake yakakataa kulala chini ya magari, binti yake akaja kumchukua kwenda kuishi naye Mlali. Alifunga karakana bila sherehe. Spana zake ziligawanywa kwa mafundi aliowahi kuwafukuza.

Nilimwona tena baada ya mwaka na nusu. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na jambo la kumwambia, na sikutaka kulisema kwa simu. Nilifika Mlali asubuhi, nikamkuta uani akichambua maharage, amevaa shati jeupe.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, binti. Za Kizota?"

"Dereva amekuja yadini."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

Nikamweleza. Dereva alikuwa anatoka hospitali mjini, amesindikizwa na mwanawe mtu mzima, akamwambia wapitie Kizota. Aliingia ndani ya basi, akasimama mbele ya bango. Macho yake hayasomi vizuri tena, kwa hiyo alimwambia mwanawe alisome kwa sauti. Mwanawe alisoma lote. Alipofika mwisho, mzee alimwambia arudie mistari ile ya chini, kijana akarudia, na sauti ikamkatika. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Halafu Dereva alipanda akakaa kwenye kiti chake muda mrefu, mikono kwenye usukani, injini imezimwa.

"Akasema nini?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Alisema: Mwambie sijamsamehe. Lakini aje. Nimechoka kukasirika peke yangu."

Binti yake alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yetu. Fundi Mkuu aliweka ungo chini taratibu, akaanza kuinuka, na mimi nikamshika kiwiko.

"Nipe viatu," alimwambia bintiye.

"Baba, Chemba? Leo? Si uende kesho, nikuandalie?"

"Kesho nitakuwa nimeshapata sababu."

Tulibadilisha magari mara tatu. Kibaigwa, Dodoma, Chemba. Njia nzima alikaa dirishani, na safari hii alizungumza: aliniuliza kama Dereva alionekana amekonda, kama mwanawe alikuwa na hasira, kama alilitazama paji la basi, kama alisema kitu kuhusu mbao. Nilimjibu nilichokijua. Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipofika. Dereva alikuwa ameketi nje ya nyumba, fimbo mapajani. Hakuinuka, wala hakutoa mkono. Alimwambia mkewe alete kigoda, na kilipoletwa alikionyesha kwa fimbo kiwekwe karibu, magoti kwa magoti.

Fundi Mkuu akakaa. Mimi nikafuata wanawake jikoni, lakini ukuta wa pale ni mwembamba, nami ni mtu niliyezoea kusikia kupitia mabati.

"Anza usiku ule," nilimsikia Dereva akisema, "ulipotoa tairi la kwanza. Na usiruke kitu."

Fundi Mkuu akakohoa, akaanza.